Pikipiki ya Safari Ikianza Kulia: Kutafuta Chanzo cha Sauti Kabla ya Kufungua Injini

Kila sauti ngeni kwenye pikipiki ina kitu inachokifuata. Ipo inayofuata mzunguko wa injini, ipo inayofuata mzunguko wa gurudumu, na ipo inayojitokeza tu injini inapobebeshwa mzigo au inapoachiwa. Ukishajua sauti yako inafuata kipi, umeondoa zaidi ya nusu ya watuhumiwa bila kushika spana. Gharama nyingi za bure huanzia pale hatua hii inaporukwa: inasikika tik-tik, fundi anasema tapeti, yaani nafasi ya valvu, kifuniko kinafunguliwa, gasketi inachanika, kumbe ni nati ya ekzosi iliyolegezwa na murram.

Mwongozo huu unahusu pikipiki za kati na kubwa za safari ndefu, za silinda moja au mbili, za cheni au za shafti. Sehemu kubwa inafaa pia Boxer iliyofungwa mizigo kuelekea Kitgum, kaskazini mwa Uganda, kwa sababu kanuni za chuma ni zilezile.

Vya nje kwanza

Barabara ya murram yenye mawimbi hulegeza vitu vya nje kabla ya kugusa vya ndani. Bolti za rafu za masanduku, ngao ya joto ya ekzosi, vyuma vya kukinga injini, kibati cha namba na bamba la kulinda tumbo la injini, vyote vina mzunguko wa injini ambao ukifikiwa hutetemeka na kulia kama kitu kilichovunjika. Bamba la chini ndilo bingwa wa kudanganya. Linakusanya sauti za kawaida za injini na kuzirudisha juu zikiwa kubwa maradufu, na jiwe dogo likinasa kati yake na injini utaapa kuwa krenki, shafti kuu ya injini, imekwisha.

Simamisha pikipiki nyutro, pandisha mzunguko polepole hadi 4,000 hivi kwa dakika, na mwenzako aliyevaa glavu ya ngozi ashike kimoja baada ya kingine. Sauti ikikatika mkono wake unapobana, umeipata. Bado ipo? Fungua bamba la chini, usikilize tena bila hilo. Fungua pia kifuniko cha sproketi ya mbele, gurudumu dogo la meno linalovuta cheni. Udongo mwekundu uliokauka humo pamoja na kokoto moja hutoa mkwaruzo wa kutisha, na dawa yake ni bisibisi na brashi.

Ipe sauti jina

Kiswahili kinatusaidia sana hapa, maana maneno ya kuiga sauti tunayo ya kutosha. Usimwambie fundi "inapiga kelele". Mwigie.

Tik-tik nyepesi na kavu kama cherehani huwa ni valvu, ekzosi inayovuja, au injekta tu, ambazo kwa kawaida yake hulia hivyo. Cha-cha-cha kama mnyororo unaotikiswa ndani ya ndoo ni cheni ya taimingi, ile ya ndani inayozungusha shafti ya valvu. Ko-ko nzito, unayoisikia miguuni kupitia vikanyagio kabla ya kuisikia masikioni, ni konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, au beringi za krenki. Kokoto ndani ya kopo, na huja ukiwa unapanda kilima tu, ni mafuta yanayolipuka kabla ya wakati wake. Mvumo mrefu wa uuuu unaopanda na mwendo ni gia, beringi ya gurudumu au tairi la meno makubwa. Ng'o moja kila unapovuta au kuachia mafuta hutoka kwenye raba za habu (zinazopunguza mshtuko kati ya sproketi ya nyuma na gurudumu), nati ya sproketi au cheni iliyolegea.

Haya ni makadirio tu. Jina linakuelekeza kwenye mtaa. Nyumba utaipata kwa majaribio.

Majaribio matano

Yafanye kwa mpangilio huu, na uandike majibu kwenye simu. Sikio husahau haraka.

1. Baridi na moto. Washa injini iliyolala usiku kucha na usikilize dakika tano bila kuvuta mafuta. Sauti inayopungua kadiri injini inavyopata moto huwa ni pistoni inayogonga ukuta wa silinda, kwa sababu alumini hutanuka na nafasi kupungua, au ekzosi inayovuja, ambayo hujiziba chuma kinapotanuka. Sauti inayoongezeka moto unapopanda ni ya kuogopa zaidi. Oili imekuwa nyepesi na beringi zilizochakaa hazina tena utando wa kuzitenganisha na chuma.

2. Klachi ukiwa umesimama. Nyutro, injini inaunguruma, mkono wa klachi umeachiwa. Sasa bana mkono taratibu. Ukibana, shafti ya kuingilia ya giaboksi husimama, wakati kikapu cha klachi, chombo kinachobeba sahani zake, kinaendelea kuzunguka na injini. Kelele ikitoweka, chanzo ni beringi ya shafti hiyo au klachi inayocheza kwenye kikapu chake. Kelele ikianza pale unapobana, tazama beringi ndogo ya kusukumia klachi. Ducati za klachi kavu hupiga kelele ukibana klachi tangu siku zinatoka kiwandani, kwa hiyo usizihukumu.

3. Kuteleza na klachi. Tafuta barabara tambarare isiyo na gari nyuma. Si Lwera, kwenye barabara ya Kampala kwenda Masaka, mchana, ambako malori hayakupi nafasi. Fika kilomita 60 kwa saa, bana klachi, acha injini itulie, uteleze. Sauti ikibaki na kushuka pamoja na mwendo, ni gurudumu, cheni, breki, tairi au shafti ya kutokea ya giaboksi. Ikikatika papo hapo, rudi kwenye injini.

4. Mwendo uleule, gia tofauti. Shika kilomita 50 kwa gia ya tatu, kisha ya nne, kisha ya tano. Mlio ukishuka kila unapopandisha gia, unafuata injini. Usipobadilika kabisa, unafuata gurudumu. Ukisikika kwenye gia moja tu, jozi ya meno ya gia hiyo imeumia.

5. Mzigo. Katika mwendo uleule vuta mafuta kwa nguvu, kisha yaachie kabisa, kisha shika katikati ambapo injini haivuti wala haizuii. Konrodi iliyochakaa hujisema zaidi kwenye hatua ya tatu na pale mafuta yanapoachiwa ghafla, kwa kuwa hapo hakuna nguvu ya kuibana upande mmoja. Mlipuko wa mapema huja kwenye hatua ya kwanza pekee. Cheni ya taimingi iliyolegea hupenda kuachia.

Kwa jaribio la tatu hadi la tano, endesha karibu na ukuta mrefu ikiwezekana, upande wa kushoto kisha urudi ukuta ukiwa upande wa kulia. Ukuta hukurejeshea sauti ambayo upepo na helmeti vilikuwa vinaificha, na hukuonyesha iko upande gani.

Kusikiliza kwa bisibisi

Bisibisi ndefu ya mpini mgumu inatosha. Weka ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, injini ikiunguruma. Anza na kifuniko cha valvu, shuka upande ambao cheni ya taimingi inapita, kisha kifuniko cha klachi, kisha cha jenereta, na mwisho tumbo la krenki. Tofauti ya sentimita tano hubadilisha sauti sana. Linganisha silinda mbili kwa sehemu ileile. Ulinganisho una thamani kuliko sauti yenyewe.

Kwa ekzosi bisibisi haisaidii. Tumia kipande cha hosi cha mita moja, ncha moja sikioni, nyingine ikitembezwa sentimita mbili kutoka kwenye maungio bila kugusa. Hewa inayovuja itapiga sikioni kama kofi dogo.

Usifanye kazi hii gia ikiwa imeingia na gurudumu likizunguka hewani. Cheni na sproketi hukata vidole kabla hujajua vimeguswa. Kwenye jaribio lolote la gurudumu lililoinuliwa, zungusha kwa mkono na injini imezimwa.

Tik-tik: valvu au ekzosi?

Hizi mbili hufanana mno, na kupima ekzosi ni bure, kwa hiyo anza nayo. Tafuta alama nyeusi za masizi kwenye maungio ya bomba na kichwa cha silinda. Injini ikiwa bado baridi, washa, ziba mdomo wa silensa kwa kitambaa kinene kwa sekunde mbili tatu. Penye uvujaji patalia fyuu. Kaza nati pande zote kidogo kidogo kwa zamu. Stadi zake, bolti zisizo na kichwa, ni nyembamba na zimeshaliwa na joto, ukitumia nguvu za kukaza gurudumu zitakatika ndani ya kichwa, na kuitoa stadi iliyokatika ni kazi ya siku nzima. Ukikaza na bado inavuja, badilisha gasketi ya pete. Huwa inabonyezwa mara moja tu.

Kama ekzosi haina kosa, hesabu kasi ya mlio. Kemshafti, shafti inayofungua valvu, huzunguka nusu ya kasi ya krenki. Injini ikitulia kwenye 1,200 kwa dakika, krenki inapita mara 20 kwa sekunde na kila valvu inafunguka mara 10. Mlio wa valvu moja bado unatenganika masikioni, wa krenki unakimbilia kuungana kuwa mngurumo. Kanuni hii ina mapungufu yake, kwa sababu pistoni inayogonga husikika zaidi kwenye mpigo wa moto, ambao nao huja mara moja kwa kila mizunguko miwili.

Kupima nafasi ya valvu kwenye injini ya skrubu na nati: injini iwe imelala baridi, toa plagi, zungusha krenki hadi pistoni iwe juu kwenye mpigo wa mgandamizo, yaani mikono ya valvu zote mbili iwe huru. Pitisha fila geji, yaani kibati chembamba cha kupimia nafasi. Ipite kwa kukwama kidogo, isiteleze tupu wala isilazimishwe. Vipimo viko kwenye kitabu cha pikipiki yako. BMW R1150GS, ambayo wasafiri wengi wa mbali huipenda, hutaka milimita 0.15 kwa valvu ya kuingiza na 0.30 kwa ya kutoa. Ukishakaza nati, pima tena, kwa sababu kukaza kwenyewe husogeza skrubu. Injini zinazorekebishwa kwa sahani ndogo badala ya skrubu kwa kawaida huhitaji kemshafti itolewe; hiyo mwachie fundi mwenye mikromita.

Watu huogopa valvu inayolia na kuisahau iliyonyamaza. Ni kinyume. Nafasi ikizidi unapata kelele na kupungua nguvu kidogo. Nafasi ikiisha, valvu ya kutoa haikai vizuri kwenye kiti chake, haipozwi, na inaungua. Injini iliyokuwa na tik-tik ya kawaida ikawa kimya ghafla baada ya kilomita elfu kadhaa inahitaji fila geji haraka kuliko ile inayolalamika.

Kokoto ndani ya kopo

Hii husikika ukipanda na mzigo kwenye gia kubwa: miinuko ya baada ya Kabale kuelekea Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, ni mahali pake. Shusha gia moja, punguza mafuta, acha injini izunguke kwa wepesi. Ikikoma, ulikuwa unailazimisha. Isipokoma, shuku mafuta. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hupunguza uwezo wa kustahimili mgandamizo. Mwaga tone kiganjani: petroli safi hukauka haraka na kuacha ngozi kavu, yenye mafuta ya taa huacha utelezi na harufu isiyoondoka. Petroli ya chupa za kando ya barabara huko Karamoja si lazima iwe mbaya, ila ikiwa huna njia nyingine, jaza lita mbili tatu za kukufikisha kituoni badala ya kujaza tangi.

Pikipiki za kabureta zina kasoro yao ya kimo. Kampala iko kwenye mita 1,200 hivi, njia ya Kanaba, kati ya Kabale na Kisoro, inapita juu ya mita 2,400, na ufuo wa Ziwa Albert uko kwenye 620 hivi. Aliyepunguza jeti, kitundu cha kupitishia petroli kwenye kabureta, kwa ajili ya hewa nyepesi ya milima hiyo ya Kigezi, akiteremka Butiaba kwenye ufuo huo bila kuirudisha, mchanganyiko wake unakuwa mkavu, injini inachemka, na kokoto zinaanza kulia. Endelea hivyo kwa mwendo wa kasi na utatoboa kichwa cha pistoni.

Cheni ya taimingi

Cha-cha-cha ya sekunde mbili tatu baada ya kuwasha, kisha kimya, hutokea kwenye injini zinazokaza cheni kwa shinikizo la oili. Kwenye BMW R1100 na R1150 upande wa kushoto ni maarufu kwa hilo. Kama si fupi hivyo, yaani ikidumu na kurudi kila unapoachia mafuta, kikazio kimefika mwisho wa safari yake au cheni imerefuka. Angalia kwanza kiwango cha oili, kwa sababu oili pungufu huleta dalili hiyohiyo. Cheni ikiruka meno valvu na pistoni huweza kukutana, kwa hiyo sauti hii ipewe wiki, isipewe miezi.

Ko-ko nzito

Hapa hakuna majaribio mengi. Simama, zima, pima oili. Pikipiki iwe wima, imepumzika dakika mbili tatu baada ya kuzimwa. Zenye tangi la oili pembeni hupimwa injini ikiwa ya moto, la sivyo utaona pungufu isiyokuwapo na kujaza kupita kiasi.

Kama oili ilikuwa chini, ongeza hadi alama, washa, sikiliza bila kuvuta mafuta. Sauti ikibaki, kazi ya barabarani imeisha. Kwenye injini ya silinda mbili unaweza kujua ni ipi: zima, chomoa soketi ya injekta moja, washa kwa chini ya dakika moja, usikilize. Silinda ambayo mlio unafifia ukiinyima mafuta ndiyo yenye konrodi mbovu. Taa ya injini inaweza kuwaka na kubaki, hilo halina madhara. Usijaribu kwa kung'oa waya wa plagi injini ikiwa inawaka, maana umeme wake huunguza kifaa cha kuwashia na kumtupa mtu.

Kisha mwaga oili kupitia kitambaa cheupe na upitishe sumaku. Uji mwembamba wa kijivu kwenye bolti ya sumaku ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida: vinavyoshikwa na sumaku vimetoka kwenye gia, cheni ya taimingi au beringi za mipira, vyeupe visivyoshikwa ni alumini ya pistoni au mwili wa injini, vya rangi ya shaba ni bushi au beringi laini za krenki. Vitie kwenye mfuko mdogo umpelekee fundi, vinamwambia mengi kuliko maelezo yako.

Giaboksi na klachi

Kishindo cha kuingiza gia ya kwanza injini ikiwa baridi ni sahani za klachi zilizoshikana kwa oili nzito. Bana klachi sekunde tano kabla ya kukanyaga. Mvumo wa gia moja pekee unaweza kuishi nao muda mrefu. Mvumo wa gia zote unaokua wiki hadi wiki ni beringi. Tumia oili yenye alama ya JASO MA au MA2, ya oili za pikipiki, kwa kuwa ya gari ina viambato vinavyofanya klachi ya ndani ya oili iteleze.

Cheni na sproketi, palipo na kelele nyingi zaidi

Pikipiki ya cheni ikilia, theluthi ya muda wako iende hapa. Kuna hesabu moja inayofichua mengi. Chukua cheni yenye viungo 124 na sproketi ya nyuma ya meno 42: kila gurudumu linapozunguka mara moja cheni husogea viungo 42, kwa hiyo kiungo kimoja hurudi palepale baada ya mizunguko mitatu hivi ya gurudumu. Gurudumu la nyuma lina mzingo wa karibu mita mbili. Basi mlio unaojirudia kila mita mbili ni wa gurudumu, breki au sproketi ya nyuma. Unaojirudia kila mita sita ni wa cheni yenyewe, yaani kiungo kilichokufa ganzi. Sukuma pikipiki kwa mkono, injini imezimwa, na uhesabu hatua.

Ulegevu upime katikati ya cheni ya chini, ukizungusha gurudumu na kutafuta mahali ilipokaza zaidi. Hapo ndipo pa kupima. Vitabu vingi vya pikipiki za safari hutaka milimita 35 hadi 45. Cheni iliyokazwa mno hulia uuu na kuua beringi ya shafti ya kutokea, ambayo kuibadilisha ni kupasua injini nzima. Kati ya makosa mawili, chagua kulegea. Kumbuka pia masanduku na abiria hushusha nyuma na kukaza cheni zaidi.

Uchakavu: ivute cheni nyuma kabisa ya sproketi kubwa. Ikiinuka zaidi ya nusu ya jino, imekwisha. Kwa uhakika zaidi pima viungo 20 vilivyonyooshwa. Cheni za 520, 525 na 530 ni milimita 317.5 zikiwa mpya, na zikifika 321 zitupwe. Za 428 za pikipiki ndogo huanzia 254. Badilisha cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja. Cheni mpya juu ya meno yaliyolika huchakaa kwa mwendo wa meno. Kama inafungwa kwa klipu, upande wa klipu uliofungwa uelekee inakokwenda cheni.

Osha kwa mafuta ya taa na brashi laini, si petroli, ambayo hukausha pete za mpira. Paka oili ya giaboksi ya 80W-90 jioni cheni ikiwa bado na joto, ifute ziada asubuhi. Kwenye murram kavu paka kidogo mno, kwani oili nyingi na vumbi ni msasa.

Ng'o ya kuvuta na kuachia: shika gurudumu la nyuma lisizunguke, tikisa sproketi mbele na nyuma. Ikicheza sana kabla ya kugusa raba, raba za habu zimeisha. Vipande vya tyubu kuukuu vilivyobanwa pembeni mwa raba, dawa ya kila fundi wa boda, vitakufikisha mjini salama. Kagua na nati ya sproketi ya mbele. Kibati chake cha kufungia kikiwa kimenyooka au hakipo, umepata jibu.

Beringi za magurudumu

Inua gurudumu, lishike juu na chini, litikise. Likicheza hata kidogo, beringi imekwisha. Kisha lizungushe huku kiganja kikiwa kwenye mkono wa chuma wa nyuma unaolishika; mkwaruzo kama wa mchanga utausikia kwenye ngozi. Kinachoziua hasa ni maji ya nguvu ya sehemu za kuoshea magari yanayoelekezwa kwenye sili, halafu mito ya kuvuka. Usiende dukani na jina la pikipiki, nenda na namba iliyopigwa kwenye beringi. 6204 ni milimita 20 kwa 47 kwa 14 popote duniani, 6304 ni 20 kwa 52 kwa 15. Omba zenye alama 2RS, mpira pande zote mbili. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, utazipata hata kama hakuna aliyewahi kuona pikipiki yako.

Za shafti

Zungusha gurudumu polepole. Klik inayojirudia ni msalaba wa shafti, kiungo chake kinachokunjika. Mchezo wa juu na chini pamoja na oili kwenye rimu ni beringi kubwa ya giaboksi ya nyuma. Mwaga oili yake, mililita 180 hivi tu kwenye BMW R1200GS, na uitazame juani. Kama inameta kwa chembe za chuma, usiongeze safari.

Kuendelea au kupakia

Tik-tik ya valvu au ekzosi, mlio wa cheni, raba za habu, mvumo wa gia moja: endelea hadi mji wenye fundi, kwa mwendo wa wastani. Beringi ya gurudumu inayovuma bila kucheza: kilomita chache, polepole, kwani ikivunjika hufunga gurudumu. Ko-ko nzito, kikapu cha klachi kinachokwaruza ndani, shafti inayogonga, chembe kwenye oili: tafuta pikapu.

Kwenye pikapu gurudumu la mbele liegemee ukuta wa kabati, gia ya kwanza iingie, kamba mbili zishuke kutoka sehemu ya chini ya usukani hadi pembe za mbele, zibane shoki hadi nusu tu. Kamba nyingine mbili zishike rafu ya nyuma zisiruhusu mkia kuhama. Stendi ya pembeni iwe imekunjwa; ikiachwa chini, tuta la kwanza litaipinda. Simama baada ya kilomita tano ukaze kamba tena, kwa sababu mpya zote hunyooka.